Kisukari cha Mimba na Mustakabali wa Mama: Historia ya Maarifa Yaliyochelewa Kumfikia Mwanamke, 1824–2020

1.0 Utangulizi

Kisukari cha mimba ni hali ambayo kiwango cha sukari katika damu ya mwanamke hupanda wakati wa ujauzito na, kwa wanawake wengi, hurejea katika hali ya kawaida muda mfupi baada ya kujifungua. Maelezo haya ni sahihi kitabibu, lakini hayajakamilika. Mwanamke aliyewahi kupata hali hii ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili katika miaka inayofuata kuliko mwanamke ambaye mimba zake hazikuwa na tatizo hilo. Bellamy na wenzake (2009) waliunganisha matokeo ya tafiti 20 zilizohusu wanawake 675,455 na kukadiria kwamba uwezekano huo ni zaidi ya mara saba. Vounzoulaki na wenzake (2020) waliurudia uchambuzi wa aina hiyo kwa tafiti mpya na kupata makadirio yanayokaribia mara kumi.

Maarifa hayo si mapya. Kama makala haya yatakavyoonesha, tabibu mmoja wa London aliandika mwaka 1882 kwamba kisukari kinaweza kuja na mimba, kuondoka nayo, na kurudi baadaye. Aidha, vigezo vya kwanza vya kitakwimu vya kutambua kisukari cha mimba, vilivyotungwa Boston mwaka 1964, viliwekwa mahususi kwa ajili ya kubashiri afya ya mama ya baadaye. Pamoja na hayo, tafiti za miaka ya 2000 zilibaini kwamba wanawake waliopata hali hiyo, hata wale waliokuwa na huduma nzuri za afya, hawakujiona kuwa wamo hatarini. Swali linaloongozwa na makala haya ni hili: inakuwaje maarifa yaliyoanza na mustakabali wa mama yakawa ndiyo maarifa ambayo mama huyapata kwa uchache zaidi?

Hoja ya makala haya ni kwamba uelewa mdogo wa wanawake hauwezi kufafanuliwa kwa kigezo cha elimu yao pekee. Uelewa huo umefinyangwa na historia ya ugonjwa wenyewe: namna ulivyopewa jina, kusudi lililokuwa nyuma ya vigezo vya kuupima, na mahali ambapo huduma ya uzazi imeweka mpaka wake. Kila kusudi la upimaji lilipobadilika, kile alichoambiwa mwanamke kilibadilika pia.

2.0 Vyanzo na Mkabala

Makala haya yanatumia mkabala wa historia ya maarifa ya tiba. Vyanzo vyake vikuu ni machapisho ya kitabibu yaliyotolewa kati ya mwaka 1824 na 2020, yakisomwa kwa mfuatano wa wakati na kwa kuuliza maswali mawili kwa kila andiko. Swali la kwanza ni: mwandishi alikuwa akijaribu kumlinda nani? Swali la pili ni: je, andiko linadhihirisha kwamba mwanamke mwenyewe aliambiwa jambo lolote kuhusu siku zake za mbele?

Ugumu wa mkabala huu ni dhahiri. Machapisho ya kitabibu yameandikwa na matabibu, na sauti ya mgonjwa husikika humo kwa kupitia kalamu ya mwingine. Hata hivyo, ukimya wa chanzo nao ni ushahidi wa aina yake. Pale ambapo andiko linaeleza kwa kina uzito wa mtoto, kiasi cha mkojo na idadi ya siku za kulazwa, lakini halisemi neno juu ya ushauri aliopewa mama alipokuwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini. Sehemu ya saba inaongeza chanzo cha aina nyingine, yaani kadi ya kliniki ya mama mjamzito inayotumika Tanzania Bara.

3.0 Berlin na London: Ugonjwa Unaokuja na Kuondoka na Mimba

Maelezo ya mwanzo kabisa yanayotambuliwa na wanahistoria wengi wa tiba ni ya Heinrich Gottlieb Bennewitz, aliyewasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1824. Tasnifu hiyo, iliyoandikwa kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, ilimhusu mwanamke wa miaka 22 aliyekuwa na mimba ya tano. Mwanamke huyo alikuwa na kiu isiyozimika, alikojoa mno, na mkojo wake ulikuwa na sukari. Alijifungua mtoto mwenye uzito wa ratili 12, ambaye alifariki wakati wa kuzaliwa. Baada ya uzazi, sukari ilitoweka katika mkojo na mama alipata nafuu.

Bennewitz alihitimisha kwamba kisukari hicho kilikuwa dalili ya mimba, yaani jambo lililozaliwa na ujauzito na kufa pamoja nao. Hitimisho hilo lilikuwa la kimantiki kwa kuzingatia alichokiona, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kumfuatilia mwanamke huyo baada ya kupona. Lakini ni muhimu kutambua kwamba tangu andiko la kwanza, ugonjwa huu ulisimuliwa kama hadithi yenye mwisho. Mwisho huo ulikuwa uzazi.

Miaka 58 baadaye, James Matthews Duncan aliwasilisha mbele ya Chama cha Matabibu wa Uzazi cha London taarifa ya mimba 22 zilizoambatana na kisukari. Vifo vya akina mama na watoto vilikuwa vingi, na hilo ndilo lililovuta macho ya wasomaji wake. Hata hivyo, katika mahitimisho yake Duncan alieleza jambo ambalo Bennewitz hakuweza kuliona kwa mgonjwa mmoja: kisukari kinaweza kuonekana wakati wa mimba tu na kutokuwepo wakati mwingine wote, kinaweza kukoma mimba inapokwisha, na kinaweza kurejea baada ya muda. Hapo hadithi iliyokuwa na mwisho ilipata sura ya pili.

Kwa nini sura hiyo ya pili haikupewa uzito? Jibu linapatikana katika hali ya wakati huo. Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921 na kuanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, mwanamke mwenye kisukari kikali alikuwa hapati mimba kwa urahisi, na alipoipata maisha yake yalikuwa mashakani. Tabibu aliyekuwa akihangaika kumvusha mama siku ya uzazi hakuwa na nafasi ya kufikiria afya yake miaka kumi mbele. Mustakabali ni anasa ya wale wanaotarajiwa kuishi.

4.0 Boston: Mama kama Kipimo cha Ukweli

Insulini ilibadili swali. Katika miaka ya 1940 na 1950, matabibu walipopitia kumbukumbu za hospitali na historia za uzazi za wanawake wenye kisukari, waligundua jambo la kushangaza: wengi wao walikuwa wamezaa watoto wakubwa kupita kiasi, au kupoteza watoto, miaka mingi kabla ya kutambuliwa kuwa na ugonjwa. Uchunguzi wa Miller (1946) kuhusu mimba zilizotangulia kisukari ni mfano wa kazi za namna hiyo. Ukitazamwa kihistoria, ugunduzi huu una maana ya pekee. Maarifa kwamba mimba hutangaza ugonjwa ujao yalitokana kwa sehemu kubwa na wanawake wenyewe kukumbuka na kusimulia uzazi wao. Walikuwa chanzo cha maarifa kabla ya kuwa walengwa wake.

Huko Louvain, Ubelgiji, Joseph Hoet alichapisha mwaka 1954 kazi iliyohusisha matatizo ya sukari wakati wa mimba na hasara za uzazi. Mwaka 1957 Elsie Carrington na wenzake, nchini Marekani, walitumia istilahi ya kisukari cha mimba katika uchunguzi wao wa hali iliyotangulia kisukari. Mwaka huohuo Hugh Wilkerson na Quentin Remein walieleza mpango wa kuwapima wajawazito wa Boston kwa kuwanywesha gramu 50 za glukosi na kupima damu baada ya saa moja.

Kazi iliyoweka msingi ni ya John O'Sullivan na Claire Mahan (1964). Watafiti hawa waliwapima wanawake 752 wajawazito kwa gramu 100 za glukosi, wakichukua damu kabla ya kunywa na kila baada ya saa moja kwa saa tatu. Kutokana na wastani na mtawanyiko wa matokeo walipata viwango vinne, ambavyo baada ya kukadiriwa vilikuwa miligramu 90, 165, 145 na 125 kwa kila desilita ya damu. Mwanamke aliyefikia au kuvuka viwango viwili au zaidi alihesabiwa kuwa na kisukari cha mimba.

Lakini takwimu peke yake haiwezi kusema ugonjwa unaanzia wapi. Inasema tu nani yuko mbali na wastani. Ili kuthibitisha kwamba mstari wao ulikuwa na maana, O'Sullivan na Mahan walivitumia viwango hivyo kwa kundi la pili la wanawake 1,013 waliokuwa wamepimwa wakati wa mimba na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Katika kipindi cha takribani miaka minane, zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano waliovuka mstari walikuwa wamepata kisukari cha kudumu. Kwa maneno mengine, kilichofanya kipimo kiwe cha kweli ni yale yaliyompata mama baadaye. Matokeo ya mtoto hayakuwa kigezo cha kuchora mstari huo.

Kwa mtazamo wa fiziolojia, mantiki ya Boston ilikuwa imara. Homoni zinazotoka katika kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, na kongosho la mama hulazimika kuongeza uzalishaji. Kongosho lenye akiba ya kutosha humudu mzigo huo. Lenye akiba haba hushindwa, na sukari hupanda. Kondo likishatoka, mzigo huondoka na sukari hushuka, lakini uhaba wa akiba hubaki palepale. Mimba, kwa hiyo, ni kama mtihani wa mapema. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; mawingu yakipita bila mvua leo, haimaanishi kwamba masika yamefutwa.

5.0 Kutoka kwa Mama kwenda kwa Mtoto

Wakati Boston ikitazama mustakabali wa mama, Copenhagen ilikuwa ikitazama tumbo lake. Jørgen Pedersen alieleza mwaka 1952 kwamba sukari ya ziada ya mama huvuka kondo, nayo huchochea kongosho la mtoto kutoa insulini nyingi, hivyo mtoto hunenepa kupita kiasi. Nadharia hiyo iliwapa matabibu jambo la kufanya papo hapo: dhibiti sukari ya mama, umwokoe mtoto. Kwa mganga aliyeko kliniki, tendo lenye matokeo baada ya miezi mitatu lina mvuto kuliko onyo lenye matokeo baada ya miaka kumi.

Mwelekeo huo ulijitokeza katika uamuzi wa kimataifa. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu kisukari cha mimba ulifanyika Chicago mwaka 1979, Norbert Freinkel akiwa miongoni mwa viongozi wake. Fasili iliyotokana na mijadala hiyo ilisema kwamba kisukari cha mimba ni hitilafu yoyote ya mwili kuhimili sukari inayoanza au kutambuliwa kwa mara ya kwanza wakati wa mimba. Fasili hiyo ilikuwa rahisi kutumika, lakini iliwaweka kapu moja wanawake wa aina mbili: aliyekuwa na kisukari tangu kabla ya mimba pasipo kujua, na yule ambaye sukari yake ilipandishwa na mimba. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuwatenganisha rasmi mwaka 2013.

Utafiti wa Crowther na wenzake (2005) nchini Australia, uliohusisha wanawake 1,000, ulionesha kwamba matibabu ya kisukari cha mimba yalipunguza madhara makubwa kwa watoto kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1. Miaka mitatu baadaye ulichapishwa utafiti mkubwa unaojulikana kwa kifupi kama HAPO, uliofanyika katika vituo 15 vya nchi tisa. Utafiti huo ulipima uhusiano kati ya sukari ya mama na mambo kama vile uzito wa mtoto, upasuaji wakati wa uzazi na kiwango cha insulini katika kitovu. Hakuna kituo hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa barani Afrika. Kutokana na matokeo yake, viwango vipya vilipendekezwa mwaka 2010 na kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013: milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa glukosi, 10.0 baada ya saa moja na 8.5 baada ya saa mbili. Kiwango kimoja tu kikifikiwa kinatosha.

Hapo ndipo mhimili ulipohama. Mwaka 1964 mstari ulichorwa mahali ambapo hatari ya mama ilijitokeza. Mwaka 2010 ulichorwa mahali ambapo hatari ya mtoto ilijitokeza. Makala haya hayadai kwamba mabadiliko hayo yalikuwa kosa. Mtoto alistahili kulindwa, na ushahidi wa faida ya matibabu ulikuwa bayana. Hoja ni kwamba kusudi la kipimo ndilo linaloamua mazungumzo kati ya mhudumu na mama. Kipimo kikiwa ni cha kumlinda mtoto, mazungumzo hukoma mtoto akizaliwa salama.

Mtu anaweza kupinga kwamba vigezo vya mtoto huenda havina uwezo wa kubashiri afya ya mama, hivyo ukimya ni halali. Ushahidi unakanusha pingamizi hilo. Lowe na wenzake (2018) waliwatafuta akina mama 4,697 wa utafiti wa HAPO baada ya miaka 10 hadi 14. Miongoni mwa waliokuwa wamevuka viwango vipya, asilimia 52.2 walikuwa na hitilafu ya sukari, ikilinganishwa na asilimia 20.1 ya wenzao. Mstari uliochorwa kwa ajili ya mtoto ulikuwa unamsema mama pia.

6.0 Kujua na Kujihesabu

Je, wanawake wenyewe walielewa nini? Utafiti unaofaa kujadiliwa hapa ni wa Kim na wenzake (2007), uliowahoji wanawake 217 nchini Marekani waliowahi kupata kisukari cha mimba na waliokuwa na bima ya afya. Asilimia 90 walitambua kwamba kisukari cha mimba huongeza hatari ya kisukari cha baadaye. Hata hivyo, ni asilimia 16 tu waliosema kwamba wao wenyewe walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuugua. Walipoulizwa tena kwa sharti kwamba wangeendelea kuishi kama walivyokuwa wakiishi, asilimia hiyo ilipanda hadi 39.

Takwimu hizi zinalazimisha kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huitwa kwa jina moja la uelewa. La kwanza ni kujua, yaani kuwa na taarifa kwamba jambo fulani hutokea kwa watu. La pili ni kujihesabu, yaani kujiona kuwa miongoni mwa watu hao. Pengo kati ya asilimia 90 na 16 halikusababishwa na ukosefu wa taarifa. Wanawake hao walijua, lakini hawakujihesabu. Ongezeko hadi asilimia 39 linadokeza sababu mojawapo: wengi waliamini kwamba wangebadili ulaji na mazoezi siku zijazo, na hivyo walijikadiria kwa maisha waliyokusudia badala ya maisha waliyokuwa wakiishi.

Matumaini hayo hayakuwa ya bure kabisa. Katika mpango mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani, Ratner na wenzake (2008) waliwachambua wanawake 350 waliokuwa na historia ya kisukari cha mimba, na kubaini kwamba mabadiliko ya mtindo wa maisha na dawa ya metformini kila kimoja kilipunguza uwezekano wa kuugua kwa takribani nusu. Kinga, kwa hiyo, ipo. Lakini humfaa mwanamke aliyejihesabu, akapimwa, akasaidiwa mapema. Asiyejihesabu hukutana na ugonjwa wakati macho, figo au miguu imeshaanza kudhurika, au hushika mimba nyingine akiwa na sukari ya juu asiyoijua, katika majuma ambayo viungo vya mtoto vinaumbwa.

7.0 Tanzania: Ugonjwa Uliosemekana Haupo

Historia ya Tanzania katika suala hili ina mkondo wake. McLarty na wenzake (1989) walipima watu wazima katika vijiji sita na kupata kisukari kwa takribani asilimia 1 tu. Miaka miwili baadaye, Swai na wenzake (1991) walichapisha utafiti wa wajawazito wa vijijini ambao kichwa chake chenyewe kilitangaza kwamba uwezo wa mwili kuhimili glukosi haukuzorota wakati wa mimba. Tafiti hizo zilifanywa kwa umakini na zilieleza ukweli wa mahali na wakati wake: wanawake wembamba, wenye kazi nyingi za mikono na chakula kisichosindikwa.

Tatizo la kihistoria huanza pale matokeo ya mahali fulani yanapobaki kichwani baada ya mahali hapo kubadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria kisukari kuwa asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Namba hizi mbili hazilingani moja kwa moja, kwa kuwa umri, mahali na njia za upimaji vilitofautiana; hata hivyo, mwelekeo hauna utata. Mwanri na wenzake (2014) walipata kisukari cha mimba kwa asilimia 8.4 ya wajawazito wa mjini na asilimia 1.0 ya wa vijijini. Ndani ya nchi moja, kijiji kilikuwa bado kinafanana na matokeo ya mwaka 1991, ilhali mji ulikuwa umeshaingia katika historia nyingine.

Kadi ya kliniki ya mama mjamzito, ijulikanayo kama RCH-4, inasomeka vyema katika muktadha huo. Kadi hiyo ina nafasi ya kuandika sukari katika mkojo kwa kila hudhurio, na kisukari kimetajwa miongoni mwa magonjwa ya kuulizia, sambamba na ugonjwa wa moyo na kifua kikuu. Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kisukari kimewekwa humo kama ugonjwa ambao mama huja nao, si kama jambo ambalo mimba inaweza kulifichua. Pili, kipimo cha mkojo ni dhaifu kwa kazi hii: wakati wa mimba figo za wanawake wengi wenye afya hupitisha sukari, na wapo wenye kisukari cha mimba ambao mkojo wao hauoneshi kitu. Mwanamke aliyeandikiwa "hakuna" katika kila hudhurio ana haki ya kuamini kwamba amepimwa kisukari na kwamba hana. Uelewa wake umetoka katika kadi aliyopewa na kliniki.

8.0 Jina na Mpaka wa Siku 42

Lugha nayo imechangia. Katika Kiswahili, hali hii huitwa kisukari cha mimba au kisukari cha ujauzito. Kiunganishi cha umilikishi hufanya kazi nzito hapa: kitu kikiwa cha mimba, ni mali ya mimba, na mimba ikiondoka huondoka na vyake. Jina linarudia, pasipo kukusudia, hitimisho la Bennewitz la mwaka 1824. Haipendekezwi hapa kwamba jina libadilishwe, kwani limekwisha kukubalika. Linalopendekezwa ni kwamba mhudumu anayelitamka aongeze sentensi ya pili ambayo jina linaificha.

Sentensi hiyo inahitaji wakati wa kutamkwa, na hapa ndipo mpaka wa huduma unapohusika. Mahudhurio ya mama baada ya kujifungua yamepangwa hadi kufikia siku ya 42. Miongozo ya kimataifa inataka aliyepata kisukari cha mimba apimwe tena kwa kunywa glukosi takribani majuma sita hadi kumi na mawili baada ya uzazi. Kipimo kinachohitajika kinaanza, kwa hiyo, palepale ambapo kadi ya mama inafungwa. Katika jamii nyingi za Pwani na hata bara, majuma yanayotangulia hapo ndiyo ya arobaini: mama yumo ndani, analishwa uji, supu na vyakula vya kumrudishia nguvu, na wanaomhudumia ni mama yake, mkwewe au shangazi. Kumtarajia aende mwenyewe hospitali kunywa glukosi akiwa hajala, ilhali kila anayempenda anamwambia ale, ni kutarajia jambo ambalo nyumba haijaandaliwa kulielewa.

Kwa upande mwingine, kadi ya mtoto hubaki wazi kwa miaka mitano. Mama yuleyule ambaye faili lake limefungwa hurudi kliniki na mtoto mgongoni kwa ajili ya kupima uzito, na kwa chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na 18. Hukaa kwenye benchi, hupimiwa mtoto, huondoka. Kwa mtazamo wa kihistoria, benchi hilo ni matokeo ya moja kwa moja ya kuhama kwa mhimili uliojadiliwa katika sehemu ya tano: mwanamke yupo katika mfumo, lakini yupo kama mleta mtoto.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba hatari ya kisukari kwa mama baada ya kisukari cha mimba ilitajwa mwaka 1882, ikawa msingi wa vigezo mwaka 1964, na kisha ikasogezwa pembeni kadiri mtoto alivyokuwa shabaha kuu ya upimaji. Kila hatua ilikuwa na sababu zake halali. Matokeo yake ya jumla, hata hivyo, ni kwamba mwanamke amerithi kipimo kisichokuja na maana yake yote.

Mambo matatu yanafuata kutokana na uchambuzi huu. La kwanza ni la kinadharia: tafiti za uelewa wa wanawake zinapaswa kupima kujua na kujihesabu kama mambo mawili tofauti, kwa kuwa ushahidi wa mwaka 2007 unaonesha kwamba moja linaweza kuwa juu huku la pili likiwa chini. La pili ni la kimbinu: mtafiti anayemhoji mwanamke kuhusu anachokijua hana budi pia kuichunguza kadi aliyokabidhiwa, kwani majibu ya mwanamke mara nyingi ni mwangwi wa nafasi zilizomo katika kadi hiyo. La tatu ni la kiutendaji: hudhurio la chanjo la miezi 9 ni fursa iliyokwisha kuwepo ya kumpima mama aliyewahi kupandishwa sukari na mimba, mradi kadi ya mtoto iwe na mstari mmoja unaomkumbusha mhudumu kuuliza. Mpango kama huo hautahitaji kumsafirisha mama mahali asipokwenda. Utahitaji tu mhudumu, baada ya kumshusha mtoto kwenye mizani, amgeukie aliyembeba.